Video Iliyoishia Nikiwa Chini

Ndugu zangu, wakubwa wangu shikamooni. Na nyie watoto mliokaa mbele mkinikodolea macho, marahaba, ingawa hamjaniamkia. Najua mnasubiri nianguke. Kaeni vizuri, mtachoka.

Mwenyekiti ameniomba niseme yaliyonipata bila kumtaja mtu kwa jina. Nimekubali, kwa sababu hata jina langu mwenyewe lilikaa muda mrefu bila kazi. Watu waliniita "yule wa video". Humu ukumbini wengi mna mtu wa kifafa nyumbani, kwa hiyo sitawaeleza kifafa ni nini. Nitawaeleza habari ya video, maana hiyo ilinifunga kuliko ugonjwa.

Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alisema nipumzike nyumbani mpaka nipone, na kupona hakukuja. Mwili ulipumzika, kichwa kikakataa. Nilitaka kujua kila kitu: redio inashikaje sauti, treni inarudije ilikotoka bila kugeuka, nyani wa Mikumi wanajuaje mfuko upi una ndizi. Nikawa mtu wa kuhama. Nimepalilia miwa Ruhembe, nimebeba mizigo sokoni hapa Kilosa, nimeosha malori Mikumi. Kila mahali nilikaa mpaka siku nilipoanguka mbele za watu, kisha nikaondoka mwenyewe kabla sijaondolewa.

Nikiwa Mikumi wakaja vijana wa shirika dogo. Walitaka kutengeneza filamu fupi ya kusambaza kwenye simu, iwaambie watu kwamba kifafa kinatibika na hakiambukizi. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mwembamba, kamera begani.

"Shikamoo kaka," akaniambia.

"Marahaba. Hiyo inaonaje kukiwa na giza?"

"Kaka, hata hatujaelezana shida iliyotuleta."

"Tutaelezana. Kwanza nionyeshe."

Akacheka, akanipa nichungulie. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikubali kurekodiwa kwa ajili ya ile kamera. Ningekubali hata kama wangekuja kwa habari ya minyoo.

Walinirekodi nikiosha lori, nikila, nikitembea. Halafu pale pembeni ya soko, bila kupanga, nikaanguka. Mnajua kwetu ikitokea hivyo watu wanafanyaje. Wanakimbia. Povu la mgonjwa likikugusa, wanasema, na wewe umeshaupata. Nilipozinduka, uso wangu ulikuwa kwenye matope, na karibu yangu kulikuwa na ndala za watu waliokimbia wakaziacha. Yule dada alikuwa analia. Alisema hakujua la kufanya, mikono yake ilibaki kwenye kamera tu, na kama sitaki atafuta. Nikamwambia asifute. Nilifikiri kama itamsaidia mtu, basi na isaidie.

Nisiwafiche, vijana wale walinitendea wema. Wao ndio walionipeleka kliniki nikaanzishiwa vidonge, na vidonge vikanikubali. Nikaacha kuanguka. Mwezi ukapita, na mwingine, nikaanza kulala kama binadamu, bila kuogopa moto wala maji.

Ndipo video ikatoka.

Waliihariri, yaani walikata vipande wakaviunga. Kuosha lori kulikatwa. Kula kulikatwa. Kilichobaki ni mimi nikianguka taratibu, wamenipunguza kasi, watu wanakimbia, mimi chini peke yangu. Juu yake wakaweka wimbo wa kwaya, ule wa polepole ambao vijijini kwetu huimbwa jeneza likiwa uani. Dada alilelewa mjini, kwake ulikuwa wimbo wa faraja. Mwisho kabisa yakaja maandishi kwamba kifafa kinatibika. Lakini niambieni, kwenye simu nani anasubiri mwisho?

Ikaenda. Ikaingia grupu la wafanyabiashara, grupu la kwaya, grupu la ukoo wetu. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa barabarani Mikumi, nikigawa chai kwa wasafiri. Mteja mmoja akaangalia simu, akaniangalia mimi, akasukuma kikombe mbali. Mwenzake akauliza, "Ndiye?" Akajibu, "Ndiye." Waliondoka wakaiacha chai ikifuka moshi.

Mama mwenye mgahawa akaniita jikoni. "Mdogo wangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini wateja wanaiona simu kabla ya kuiona chai yangu. Nifanyeje?"

"Dada, si unaona mwenyewe sianguki tena?"

"Mimi naona. Wao wanaona simu."

Nikaenda Ruhembe, nikarudi kwenye miwa. Nikasema huko watu wana majasho, hawana muda wa simu. Nilijidanganya. Wakati wa mapumziko vijana wakajilaza chini ya kivuli, mmoja akaweka ule wimbo, mwingine akajitupa chini akatetemesha miguu, wote wakacheka. "Oyaa, mzee wa slow motion!" Na mimi nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka kwa sauti kuliko wao, kwa sababu usipocheka ndiyo wanaongeza. Msimamizi hakucheka. Aliniambia nitafute kazi nyingine, panga na ugonjwa wangu haviwezi kukaa shamba moja.

Nikaja hapa Kilosa. Nilikuwa nimezoea kwamba dunia ni pana. Mahali pamoja pakikushinda, panda gari. Sasa kila nilikoshuka, nilikuta nimeshafika. Mtu wa bodaboda ananitazama kwenye kioo chake. Mwenye nyumba ananipangisha chumba, jioni anahamisha ndoo yake mbali na yangu. Watoto uani wakabuni mchezo: mmoja anaanguka, wengine wanatimua mbio. Mimi ndiye niliyekuwa jina la mchezo huo.

Nikaacha kutoka mchana. Mimi, mtu ambaye hajawahi kukaa mahali mvua mbili zikamkuta, nikawa nakaa chumbani mlango umefungwa, nasikia treni ikipita, najua inakokwenda, na najua kwamba huko nako wana simu. Nilikuwa mzima. Vidonge nilimeza kila siku, sikukosa. Lakini ndani ya mifuko ya watu nilikuwa bado naanguka, kila siku, na hakuna mtu aliyeniinua.

Nikampigia yule dada. Nikamwambia, "Ifuteni."

"Kaka, kwenye ukurasa wetu tumeshaifuta. Nakala ziko kwenye simu za watu. Hizo hatuna mkono wa kuzifikia." Akaongeza, "Tulitaka watu wakuonee huruma."

"Wananionea. Ndiyo maana hawanikaribii."

Nikakata simu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipogeuka. Nilikwenda kliniki kuchukua vidonge. Nilikaa mwisho wa benchi nimejifunika kofia. Akaja baba mmoja wa makamo, mfugaji na mkulima wa kijiji cha Zombo, mmoja wa wale ndugu zetu waliotoka kanda ya ziwa. Alikuwa na mkewe na binti yao, msichana mkubwa kiasi, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Yule baba akanitazama. Akasogea. Akanitazama tena, akamwambia mkewe kitu kwa Kisukuma, mama akashika mdomo.

"Shikamoo baba," nikasema, ili yaishe upesi.

"Marahaba," akajibu, lakini kwa shaka, kama mtu anayeitikia mlango usio na mtu. "Samahani, kijana. Wewe si marehemu?"

"Mimi?"

"Yule wa Mikumi. Wa kwenye simu."

"Ndiye mimi. Lakini sijafa."

"Mbona walikuimbia?"

Ndugu zangu, nilipigwa na butwaa. Walikuimbia! Kumbe Zombo nzima ile video iliingia kama tangazo la msiba. Mtu anaanguka, haamki, kwaya inaimba wimbo wa maziko. Wewe ungeelewaje? Wakasema masikini, kijana wa watu, kafa njiani na hakuna aliyemfunika hata kanga. Tena walisikia kwa watu kwamba alikuwa anatumia dawa ya hospitali. Basi wakaona dawa ndiyo hiyo haisaidii, na pengine ndiyo iliyommaliza.

"Huyu mtoto alikuwa anameza vidonge," yule baba akasema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Alikuwa hajambo. Tulipokuona wewe, mimi nikasimamisha. Nikasema sitaki mwanangu aimbiwe."

"Halafu?"

Mama ndiye aliyejibu. "Halafu akaangukia jikoni. Kwenye mafiga."

Binti alikuwa anatazama chini. Nikautazama ule mkono. Mpaka siku hiyo nilidhani video ile imenifunga mimi tu. Kumbe mimi nimekaa chumbani najionea huruma, na yenyewe inatembea Zombo ikiwanyang'anya watoto vidonge.

"Wako wengine?" nikauliza.

"Waliosimamisha? Wapo," akasema yule baba. "Na mimi nikirudi niwaambie nimekuona mzima, watasema nimelogwa. Twende wote, wakuone."

Nikaenda. Pikipiki zilituacha pabaya kwa sababu ya matope, tukamalizia kwa miguu. Watu walitoka majumbani. Bibi mmoja alinishika mkono, akaubonyeza, akanusa kiganja changu, akasema, "Huyu ana joto." Wakacheka, na mimi nikacheka, safari hii bila kulazimisha. Lakini nilijua siwezi kwenda kwa miguu kila kijiji ambacho simu imefika. Nikampigia dada. Nikamwambia, "Njoo na kamera. Tunatengeneza nyingine, na kwenye kuhariri nitakaa na wewe."

Akaja. Nilitaka filamu nzuri: mimi nikitembea, nikibeba mzigo, nikipanda mlima, nikimeza kidonge. Ile ya zamani sikutaka ionekane hata kidogo. Tukarekodi hivyo, tukaionyesha hiyo mpya kwa wale wazazi kwenye simu. Mama wa yule binti akaangalia mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nzuri. Lakini hawatasadiki. Watasema huyu ni mdogo wake."

"Mdogo wa nani?"

"Wa marehemu. Mnafanana. Weka pale unapoanguka, halafu uinuke hapohapo, ndipo watajua ni wewe."

Ndugu zangu, niliondoka pale nikazunguka nyuma ya zizi. Kitu nilichokuwa nakikimbia Mikumi, Ruhembe na Kilosa, sasa naombwa nikitume kwa mkono wangu. Nikirudisha lile anguko, litakuwa langu kabisa. Sitaweza tena kumlalamikia mtu. Nisiporudisha, filamu itakuwa ya mdogo wangu ambaye hayupo. Nilikaa na ng'ombe kwa muda. Kisha nikamwona yule binti anajaribu kuchota maji kwa mkono mmoja. Nikarudi nikasema, "Weka. Ila kwaya itoke."

Dada akasema kuna tatizo moja: kwenye ile ya zamani hakuna sehemu ya kuinuka. Hakuna aliyenigusa, hakuna cha kuunga. Ilibidi tuigize. Nianguke pale uani, mtu anilaze ubavu, aniwekee kitu laini chini ya kichwa, anifute povu, akae nami mpaka nizinduke. Sasa sikilizeni kichekesho. Nimeanguka maisha yangu yote bila kufundishwa. Nilipoambiwa nianguke kwa makusudi, nikashindwa. Nilipiga magoti kama mtu wa sala. Kijiji kikacheka. Yule baba akapaza sauti: "Kijana, jitahidi basi, si ndiyo kazi yako hiyo!"

Na wa kunishika hakupatikana. Wote walijua ni kuigiza, povu lenyewe lilikuwa la sabuni, lakini miguu yao ilikataa. Tukangoja. Mama wa yule binti akamtazama mumewe, akawatazama watu, kisha akavua kanga ya begani. Akapiga magoti, akanigeuza ubavu, akaikunja kanga akaiweka chini ya kichwa changu, na upindo wake akanifuta mdomo. Hakuharakisha. Halafu akainua uso, hakuitazama kamera, aliwatazama majirani zake. Akasema, "Sasa mbona sijafa?"

Hayo maneno hayakuandikwa popote. Dada alitaka kuyakata kwa sababu sauti ilikuwa na mbuzi ndani yake. Nikamwambia ukikata hayo, nami nitoe. Yalibaki, pamoja na mbuzi.

Video hii mpya imesambaa, lakini si kama ya kwanza. Ya huzuni ina miguu mirefu. Ya kwanza bado ipo. Juzi tu kijana wa sokoni kanipigia ule wimbo. Sitawadanganya kwamba nimetoka kabisa. Lakini Zombo wamerudi kliniki. Binti yule anameza vidonge, mkono umepona kwa kovu, na mama yake hutufuata kijiji hadi kijiji tukionyesha filamu ukutani, anafundisha kulaza mtu ubavu. Mimi nimejifunza kukata na kuunga, na mashirika mengine mawili hapa wilayani yameniita niangalie filamu zao kabla hazijatoka. Huwa nauliza jambo moja: mtu wenu mnamwacha wapi?

Namshukuru mama yule, na mumewe aliyekubali kuonekana amekosea mbele ya kijiji chake. Namshukuru dada wa kamera, ambaye angeweza kutopokea simu yangu. Nawashukuru wauguzi wa kliniki. Na Mungu, ambaye alinivumilia nikimlaumu.

Ninachowaomba ni kidogo. Ukitaka kusaidia watu kwa simu yako, usimwonyeshe mtu siku yake mbaya ukamwacha hapo. Atabaki hapo hata akiwa ameshaondoka, na watakaomwona watabaki naye.

Naona huko nyuma mmeinua simu, mnanirekodi. Sikatazi. Ila naomba msizime kwa sababu tu nimemaliza kusema. Ningojeni nishuke hapa, nipite katikati yenu, nifike kwenye kiti changu, nikae.

Haya. Natembea.