Karatasi Saba za Jumatatu

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, tunawaomba utulivu, na walio nyuma wasogee kidogo maana kipaza sauti hiki kina vituko vyake, ili mimi, dada yake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yangu kama mwenyewe alivyotaka yasomwe. Ipo historia nyingine, imechapwa vizuri kurasa mbili, ofisi ya bomba la mafuta alikofanya kazi ilituletea jana asubuhi pamoja na shada la maua, maua tumeyapokea kwa shukrani, historia tumeirudisha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Bwana Kilomita, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ile ile mliyoingia leo kutupa pole, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mkulima. Alianza shule ya msingi Januari 1970 na kumaliza Novemba 1976, alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu na miguu mizito ya mpira, wenzake wakamweka golini, na huko nako mabao yalipita akiyatazama. Sekondari hakwenda, kwa sababu mwaka ule baba alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na kaka yetu, kwa umri ule mdogo, akawa tegemeo la nyumba.

Kuanzia 1977 alikuwa kibarua wa wapima ardhi, kazi yake ikiwa kushika mwisho wa utepe, na huko ndiko alikojifunza kuhesabu hatua zake, ugonjwa ambao haukumtoka tena, kwani hata kutoka kitandani hadi mlangoni angeweza kukwambia ni ngapi. Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, huyu hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1986, 1989, 1992 na 1997, wote wapo hai na wote wapo hapa.

Tarehe 3 Oktoba 1988 aliajiriwa kuwa mlinzi wa njia ya bomba la mafuta, naomba hapa mnisikilize vizuri. Kila siku alitakiwa kutembea kilomita kumi na moja juu ya bomba lililofukiwa, kutoka kituo cha valvu hadi mtoni, na kurudi, akitazama nyasi zilizokauka bila sababu na udongo unaong'aa, kisha ajaze karatasi moja, aitie sahihi na kuifikisha ofisini. Ofisi iko mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na nani atembee kutwa nzima halafu apige pedali saa mbili kupeleka karatasi inayosema hakuna kitu, kwa hiyo yeye na msimamizi wake walipatana kienyeji, kila Jumatatu atie sahihi karatasi saba tupu kwa mpigo, halafu kila jioni apige simu kutoka kituo cha valvu aseme njia ni salama, na msimamizi azijaze. Ilikwenda hivyo miaka kumi na tisa, na sisi nyumbani tulimtania kwamba anamaliza kazi ya wiki kwa dakika mbili.

Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2008, saa tano na dakika arobaini asubuhi, marehemu alifika pale bomba linapojitokeza kuvuka korongo, akakuta mafuta yanachuruzika kwenye maungio, chuma kimeliwa na kutu hadi kinabanduka kama ganda la kitunguu. Mtu huyu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, siku ile alikimbia hadi kituo cha valvu, akapiga simu, akaambiwa wataalamu watakuja. Akapiga Ijumaa, akapiga Jumamosi, akapiga kila siku, na nyinyi mnakumbuka kuliko mimi, mlivyofunga kisima, mlivyoswaga ng'ombe upande wa pili, mahindi ya usawa wa goti yakawa meusi, watoto wakawa wanaumwa vichwa darasani.

Wataalamu walifika Ijumaa, tarehe 28 Machi, siku ishirini na mbili baadaye. Kesho yake redio ikatangaza kwamba mafuta yalianza kumwagika tarehe 28, kwamba wezi wa kijijini walitoboa bomba kwa keekee ya mkono, na kwamba hali ilidhibitiwa siku hiyo hiyo, watu wakacheka kwa uchungu, wakasema kumbe mafuta hayamwagiki mpaka gari jeupe lifike. Mwandishi wa habari hiyo hakukanyaga hapa, hakumuuliza hata mwenye ng'ombe mmoja.

Jumatatu, tarehe 31 Machi, fundi baiskeli wetu alikamatwa, kwa sababu nyumba yenye keekee ilikuwa yake peke yake, akakaa rumande miezi kumi na minne, hadi tarehe 5 Juni 2009, kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi, na mama yake alizikwa yeye akiwa ndani. Aliambiwa tu kwamba ipo taarifa ya kitaalamu dhidi yake, hakuonyeshwa ni ya nani.

Ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa karatasi mojawapo ya zile saba, imejazwa kwa mwandiko wa mtu mwingine kwamba tundu limetobolewa kwa keekee, na chini yake sahihi ya kaka yetu, halisi kabisa. Msimamizi alimwonyesha Aprili ile, marehemu akasema hakuandika hayo, akaulizwa sahihi ni yake au si yake, naye akafikiria ajira na watoto wanne wanaomtegemea, akanyamaza. Mimi dada yake sitamtetea hapa, alinyamaza.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2016, akaenda ofisini mara tatu na barua ya kukana karatasi ile, mara zote akaambiwa faili limehifadhiwa. Nyumbani alifanya jambo ambalo tulilicheka bila kulielewa, kila wiki alipeleka baiskeli kwa fundi, nzima, haina tatizo lolote, akakaa kwenye benchi akashindwa kusema, na fundi akawa anamtania kwamba baiskeli haiumwi, labda anayeumwa ni mwenyewe.

Aliugua kifua tangu Februari 2021, figo zikafuata, na alifariki Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walinzi wenzake wa njia waliobeba jeneza hili, na majirani mliolala nasi chini siku hizi tatu. Wa mwisho, fundi, wewe uliyemfikisha hospitali tarehe 11 kwa pikipiki yako ya matairi matatu, ukamshika mkono njia nzima, na asubuhi ya leo umechimba kaburi lake, tunakushukuru tukijua kwamba mpaka dakika hii ulikuwa hujui. Historia ile ya ofisi ilisema kaka yetu aligundua wizi wa tarehe 28, hatukuweza kukusomea uongo huo mara ya pili. Hatukuombi jibu hapa mbele za watu, wala leo, sepetu ukitaka kuiweka chini, iweke, tutafukia wenyewe.

Haya ya maisha yake, hadi kuugua kwake, aliyatamka mwenyewe Jumapili, tarehe 2 Juni, mimi nikiandika, akataka asomewe mara mbili, na kalamu aliikataa mpaka ukurasa ulipofika mwisho. Ndipo akatia sahihi, kisha akapiga mstari kwenye nafasi ndogo iliyobaki chini, mtu asije akaongeza neno.

Pumzika sasa, Bwana Kilomita, karatasi imejaa.