Mwalimu Kinyaa na Kumbatio la Jukwaani

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitindamimba, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu akiwa kitandani alituagiza kwamba historia yake isipakwe sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1984 katika somo la biolojia. Mwaka 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao wako hapa mbele pamoja na baba yao.

Alifundisha shule moja tu maisha yake yote, akapanda hadi kuwa makamu mkuu, na wanafunzi walimbatiza Mwalimu Kinyaa, kwa kuwa akisikia uongo hakuweza kuuficha uso wake, pua ilipanda na midomo ikabana, kama mtu aliyefunua sufuria ya mchuzi uliochacha.

Mwaka 2009 shule ilianzisha mpango wa kuwasaidia wanafunzi wanaoonewa na wenzao, mpango uliopata wafadhili, fulana na wimbo wake, ambamo mtoto aliyeonewa aliitwa jukwaani, mbele ya shule nzima, akumbatiane na waliomwonea, huku mpiga picha akiwasogeza wakae vizuri. Mara ya kwanza dada alitazama hadi mwisho, akarudi nyumbani. Mara ya pili aliitwa binti wa miaka kumi na minne, ambaye wenzake walikuwa wakimfungia chooni na kummwagia maji ya deki, wakimwita Ukurutu kwa ajili ya ngozi yake, na alipofika pale juu alisimama mikono imemganda ubavuni, mkojo ukimchuruzika miguuni, na mkuu wa shule akamwambia kwenye kipaza sauti, "Tabasamu kidogo, mwanangu, wageni wanasubiri."

Dada alipanda jukwaani, akavua sweta lake akamfunga binti kiunoni, kisha akakichukua kile kipaza sauti.

"Huyu hadaiwi kumbatio na mtu yeyote hapa," alisema, "na wewe, mkuu, unanitia kichefuchefu."

Akamshika binti mkono, wakashuka.

Wiki hiyohiyo alivuliwa umakamu, na walimu wenzake wakaacha kukaa naye meza moja, baadhi yao mko hapa leo na mashada mazuri ya maua. Hakurudi nyuma, kila mapumziko alisimama mwenyewe mlangoni mwa vyoo, akadai makomeo yawekwe upande wa ndani wa milango, akawaita wazazi wa wale waonevu wakae wasikie watoto wao wamefanya nini, wengine wakaondoka wakifoka, na mwanafunzi aliyetaka utulivu alikaribishwa maabara, aoshe vyombo vya kioo, bila kuulizwa neno. Miaka mitatu baadaye maonyesho ya jukwaani yaliachwa, na mkuu akawaeleza wafadhili kwamba makomeo yalikuwa wazo lake.

Alistaafu mwaka 2022, mwaka jana akagundulika kuwa na saratani ya ini, akafariki tarehe 14 Juni mwaka huu, adhuhuri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi yake, majirani waliotupikia na kuwalaza wageni wetu, na mlinzi wa shule pamoja na walimu wawili waliokuja kumwona alipokuwa hai. Asubuhi hii shule imetuletea bango lenye picha yake na nembo ya ule mpango, tumelikunja, liko kando ya lango, wenyewe walichukue wakiondoka.

Yule binti sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na ametuma neno kwamba hatakuja, kwa kuwa amesikia ni nani kutoka shuleni ataketi mstari wa mbele, atakuja kaburini siku yake, peke yake, nasi tumemjibu kwamba tumemwelewa.

Pumzika salama, dada.