Eucabeth Nyanchera, Aliyeifunza Kompyuta Kuitikia Salamu

Baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha maziwa hapa mjini Kisii, Bi. Eucabeth Nyanchera anastaafu rasmi tarehe 31 mwezi huu. Marehemu Mzee Kantilal alimwajiri kupiga chapa, akampeleka kusomea kompyuta, naye akarudi akiwa mtu wa kubishana naye kwa tahadhari.

Yeye ndiye aliyeandika programu inayopokea ujumbe wa wafugaji kila asubuhi na kuamua lori liende wapi. Kwa wasiojua, ujumbe ukiingia kwenye kompyuta ni maandishi tu, hata ukiwa na tarakimu. Ni lazima tarakimu zigeuzwe namba ndipo zijumlishwe. Wiki ya kwanza Eucabeth alisahau kuzigeuza. Kompyuta ikaunganisha lita 12 na 15, ikapata 1215, na lori kubwa likapanda hadi kijiji cha Magwagwa kuchukua ndoo mbili. Dereva wetu Alfayo husimulia kisa hicho hata asipoulizwa.

Kosa la pili halikuchekesha. Programu iliandika sifuri kila iliposhindwa kusoma, na maziwa ya wafugaji wa Manga yakawa sifuri mwezi mzima. Lori likaacha kwenda huko. Maziwa yaliganda kando ya barabara, watu wakakosa karo, na mkurugenzi wetu Jigar akaanza kusema njia ya Manga ifutwe kabisa.

Eucabeth aliitetea programu yake kwa siku kadhaa, kisha akapanda boda boda kwenda Manga kuuliza. Mama Kwamboka, mfugaji wa huko, alimweleza bila haraka kwamba huwezi kumtajia mtu lita kabla ya kumjulia hali. Magwagwa ni watu wa soko, hutaja bei kwanza. Manga kila ujumbe ulianza na "Bwakire", ukauliza habari za nyumbani, ndipo maziwa yakatajwa. Programu ilikuwa inakwama kwenye salamu.

Jigar alipendekeza wafugaji wafunzwe kuandika tarakimu tupu. Eucabeth akasema ni rahisi zaidi kuifunza kompyuta adabu. Tangu hapo programu huitikia salamu, huzitafuta tarakimu na kuzigeuza namba. Isipoelewa, haiandiki sifuri. Humletea mtu ujumbe wenyewe asome. Lori huenda Manga hadi leo.

Ijumaa iliyopita programu ilishindwa na ujumbe mmoja, ikamletea Eucabeth. Ulitoka kwa Mama Kwamboka. Ng'ombe wake amekauka maziwa, hakuwa na lita yoyote ya kutaja. Alikuwa anasalimia tu, maana amesikia Eucabeth anaondoka. Eucabeth aliujibu mwenyewe, na ikamchukua karibu asubuhi nzima. Hakuna aliyemsumbua.

Asante sana, Eucabeth. Kaa salama na jamaa zako, ule jasho lako kwa amani. Ukitukumbuka, tuandikie, hata kama huna la kutaja. Tutaitikia.