Mama Bluu na Macho ya Wenzake

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Bluu kwa vidole vyake visivyotakata rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa tatu kati ya sita.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaajiriwa kiwandani tarehe 3 Februari 1969, katika chumba cha rangi, ambako mvuke ulipanda hadi darini, watu wakaelea humo kama vivuli, na vitambaa vikachuruzika kutwa nzima. Tarehe 7 Desemba 1974 aliolewa na fundi cherehani, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili.

Julai 1984 alifanywa msimamizi, na hata miezi mitatu haijaisha, mchanganyaji rangi mmoja akakosea vipimo, majora arobaini yakatoka kijani badala ya samawati. Meneja alitaka kijana wa watu afukuzwe, lakini dada akajibu kwamba mtu aliyekuja mwenyewe kusema amekosea ndiye anayemtaka, akamkabidhi pipa lililofuata, akaenda zake kunywa chai, asirudi kuchungulia.

Mwaka 1993 kisukari kilianza kumwibia macho, nyekundu ikatangulia kufifia, kisha dunia yote ikawa ukungu. Aliandika barua ya kuacha kazi, akawaita wenzake, akawaambia, "Sioni tena, jamani, nitawaharibia." Mchanganyaji yule akasema, "Mama, ulituamini tulipokosea, sasa tuamini tunapoona."

Barua ikachanwa. Kwa miaka kumi na mitatu walimsimulia kila rangi, hii ya anga mvua ikikaribia, hii ya maji ya kina, naye, macho ameyafumba, akaitikia kwa kichwa kama aotaye, akatia sahihi pale walipomwekea kidole, na hakuna aliyewahi kumdanganya.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006, figo zikaanza kumsumbua mwaka 2019, akatutoka tarehe 9 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, hospitalini, binti zake wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotufungulia milango yao, na ninyi wa chumba cha rangi, mliokuja wodini kila Jumapili kumweleza nje ya dirisha kukoje.

Dada, pumzika kwa amani, tuliobaki tutakuangalizia.