Risala ya Ganda Jema kwa Mgeni Tuliyemnyima Sahani

Mgeni rasmi, Bi Nasrin Twaha, mwakilishi wa Mfuko wa Uwekezaji wa Mbegu Njema kutoka Dar es Salaam. Bwana Calvin, dereva wako, ambaye tunamtaja wa pili kwa sababu itakayoeleweka mbele ya safari. Mwenyekiti wetu Mzee Oswald. Viongozi wa mtaa. Wazee wetu, shikamooni. Majirani na wageni wote mliofika hapa Mshangano leo: tunawasalimu kwa furaha ambayo hatuna haja ya kuificha.

Anayesoma ni mimi Fortunata, katibu. Maneno ni ya wote. Tuliyaandika tukiwa tumekaa juu ya magunia ya maganda, kila mmoja akitaka lake liingie, na mengine tumeyaacha ili chakula kisipoe. Kwa kawaida risala ya namna hii husomwa na Mwenyekiti. Juzi alijaribu kuifanyia mazoezi, akafika kwenye jina lako, akaishia hapo. Akanipa karatasi akasema, "Soma wewe, mwanangu. Mimi furaha itaniaibisha mbele za watu."

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu tena Songea. Tunasema tena kwa sababu mara ya kwanza ulipofika tulikupokea kwa hofu. Leo tumelala vizuri, tumeamka tukiimba, na mashine unayoisikia ikinguruma nyuma yetu ni ile iliyonunuliwa kwa fedha za mfuko wako. Tuliambiwa tuizime wakati wa risala. Tulipiga kura, tukakataa. Tuliingoja sauti hiyo kwa muda mrefu, hivyo tutaongea kwa nguvu kidogo.

Kwa ajili ya wanaofika leo kwa mara ya kwanza, sisi wa Ganda Jema tunatengeneza sahani na vibakuli vya kubebea chakula kwa kutumia maganda ya mahindi, yale yanayobaki shambani watu wakishamenya. Tunayachagua, tunayachemsha, tunayapanga moja juu ya jingine kwa uji mzito wa muhogo, kisha mashine inayabana kwa joto. Ukishamaliza kula unatupa, na kikishatupwa kinaoza. Kazi yetu yote ni hiyo.

TULIKOTOKA

Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ilipopigwa marufuku tulishangilia kama wengine. Baadaye tukaona kwamba chipsi, wali na nyama pale stendi bado vinafungwa kwenye yale maboksi meupe mepesi, na maboksi hayo yanaishia mtaroni, mvua ikija mtaro unaziba na maji yanaingia dukani kwa mtu. Mzee Oswald, fundi wa mashine za kusaga kwa miaka mingi, alichukua jeki ya lori na vipande viwili vya chuma, akavipasha kwenye jiko la mkaa, akabana maganda ya shambani kwake. Sahani ya kwanza ilitoka imepinda. Mkewe alikula maharage kwenye sahani hiyo siku hiyo hiyo, na haikuvuja.

Tukaungana, kila mmoja akanunua hisa kwa kadiri alivyojaliwa, wengine kwa mahindi, wengine kwa nguvu zao. Tukafanya kazi kwa jeki hiyo mpaka ilipopasuka. Fundi wa kwanza alisema haitengenezeki, wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tatu hatukumwita.

Tunakueleza jambo ambalo huenda hulijui, Mgeni rasmi. Barua yenu ya kusema mnakuja kututazama ilitukuta tumeshaanza kugawana kiwanda. Pipa la kuchemshia lilikuwa kwa Baltazar, mpanga maganda wetu, na tayari kuku walikuwa wanatagia humo. Mabati ya banda yalikuwa yamehesabiwa yataenda kwa nani. Tulirudisha kila kitu kwa siku mbili. Kama ulisikia pipa linanuka kuku, pua yako haikukudanganya.

SIKU ULIPOKUJA

Hapa ndipo penye kiini cha risala yetu, nawe ulikuwepo, kwa hiyo hatuwezi kupamba.

Tulijua kuwa ziara ile ndiyo uhai wetu. Ukiridhika, mashine inakuja. Ukiondoka hujaridhika, kuku wa Baltazar wanarudi pipani. Tukafanya kila tulichofundishwa na wazazi wetu kuhusu mgeni. Tulifagia, tulimwagia maji vumbi la barabarani, Mzee Majaliwa, mwanahisa mwenzetu, alichinja kuku kwa utaratibu wa dini yako ili ule bila wasiwasi. Likabaki suala la vyombo.

Mama Honorata, ambaye wengi hapa mnamfahamu kwa sababu hakuna harusi ya mtaa huu inayopikwa bila yeye, ni mwanahisa wetu na ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote katika kuchagua maganda. Alitutazama tukiweka sahani zetu mezani, akaziondoa.

"Mgeni katoka Dar yote hiyo," alisema, "mnataka kumlishia kwenye ganda, kama mnamtupia kuku? Hamna haya?"

Hakuna aliyebisha. Ukweli ni kwamba na sisi tuliona aibu. Akaenda nyumbani kwake, akafungua kabati, akaleta sahani za udongo zenye maua ya waridi alizopewa siku ya ndoa yake, ambazo watoto wake wamekua wakiziangalia nyuma ya kioo bila kuzigusa. Ndizo tulizokupangia. Tulijiona tumefanya jambo kubwa.

Wewe ulikaa, ukaishika sahani, ukatazama yale maua. Ukauliza, "Hizi mnazozitengeneza, ninyi wenyewe hamzilii?"

Kisha Baltazar, Mungu amsamehe, akaona aokoe jahazi. Akasema, "Mheshimiwa, zile ni za wateja."

Ulikula kidogo sana. Ulishukuru kwa adabu, ukapanda gari. Vumbi lilipotulia tulibaki tunatazamana. Maneno yakaanza, na tunasikitika kusema kwamba mengi yalimwangukia Mama Honorata. Yeye aliosha sahani zake taratibu, akazifuta, akazipanga kwenye beseni, akasema, "Mgeni kala kwenye sahani ya heshima. Kama hilo ni kosa, nitalirudia." Akaondoka. Kesho yake Baltazar alikuja kulitazama pipa.

Kumbe, Mgeni rasmi, sahani za kabatini hazikutosha watu wote. Zilitosha meza kuu tu. Bwana Calvin alikula nje na vijana, kwenye meza ya kuchambulia maganda, kwenye sahani yetu, ugali na maharage yenye mchuzi wa kutosha. Hakuna aliyeona kuwa dereva anavunjiwa heshima, na hilo nalo tumelifikiria sana baadaye. Alipoaga, vijana walimfungia chakula cha njiani, sahani moja chini, nyingine juu, wakaifunga kwa kamba ya ganda.

Yaliyotokea huko mbele tumeyajua kwako mwenyewe. Mlimani Lukumburu, njiani kurudi Dar, lori la makaa ya mawe lilikuwa limelala katikati ya barabara, magari yamepanga foleni juu na chini, hakuna duka wala kibanda. Wewe ulikuwa na njaa kwa sababu kwetu ulionja tu. Bwana Calvin akafungua kile kifurushi kwenye kiti cha mbele, akakukaribisha. Maharage yalikuwa bado na mchuzi wake na kiti kilikuwa kikavu.

Kesho yake hiyo hiyo simu yangu ikaita. Nilikuwa nafunga mlango wa kiwanda, nikidhani naufunga kwa mara ya mwisho. Ukasema, "Katibu, nimekula kwenye sahani yenu. Kwa nini mlininyima?"

Nikasema lililokuwa kweli: "Tulikuheshimu."

Ukacheka. Ulicheka mpaka na mimi nikacheka, huku machozi yananitoka, na Baltazar aliyekuwa amebeba pipa begani akalitua chini akauliza kuna nini. Sitasahau mlio wa pipa lile likigusa sakafu. Hatukuwahi kukushukuru sawasawa kwa kicheko hicho, na leo tunakushukuru mbele ya watu wote. Bwana Calvin, na wewe asante. Leo umekaa meza kuu.

MAFANIKIO

Mfuko wako ulinunua hisa kwetu, ukatuachia sehemu kubwa iwe yetu, na mashine ikaja. Tangu hapo wauzaji wa chipsi wa stendi wanachukua kwetu. Mwanzoni walitaka bure, sasa wanagombania zamu. Wasafiri wa kwenda Tunduru wanafungiwa chakula kwetu, na mama mmoja wa Namasakata alimwambia konda kwamba hiyo sahani haitupi, anakwenda kuipandia mche wa mkorosho. Hatujui kama mche ulishika, lakini tumeipenda habari hiyo.

Semina ya walimu ilipofanyika Namtumbo, tulipeleka sahani za siku zote za semina. Zikafukiwa shimoni nyuma ya ukumbi. Masika yalipokwisha tulikwenda kufukua, tukiwa na hofu kidogo, maana kusema kitu kinaoza ni rahisi. Tulikuta udongo mweusi na kijiko kimoja cha plastiki kinachong'aa kama kilivyotoka dukani. Kijiko hicho tumekitundika ofisini ili kila mtu akione akiingia.

Vijana waliokuwa wanakwenda kutafuta vibarua mbali wamebaki hapa. Watoto wa Mzee Majaliwa wamelipiwa ada bila kuuza mbuzi. Kwa kifupi, Mgeni rasmi, tumepumua.

CHANGAMOTO

Mvua ni adui yetu wa kwanza. Maganda yasipokauka vizuri yanaota ukungu, na banda letu la kukaushia lina paa upande mmoja tu. Umeme nao hukatika sahani zikiwa ndani ya mashine, tukifungua tunakuta kitu ambacho si sahani na si uji.

Jingine linatuchekesha. Wakulima wa Lusewa, waliokuwa wanachoma maganda ili wapate nafasi, wamesikia neno "mwekezaji" na ganda limepata bei. Hatuwalaumu, na sisi ni wakulima. Tumekubaliana nao bei ya kibinadamu, ila mmoja alituuliza kama tunanunua na mabua, na mwingine kama tunanunua na shamba lenyewe.

Changamoto kubwa kuliko zote haihitaji fundi. Ni Mama Honorata. Sehemu hii tumemsomea, ameikubali, akatuagiza tuongeze kwamba hajutii.

Yeye ndiye anayeulizwa na kamati za harusi, komunio na misiba kuhusu vyombo. Akisema ndiyo, mtaa mzima unasema ndiyo, na mitaa ya jirani inafuata. Mpaka leo anasema sahani yetu ni nzuri kwa msafiri na kwa mla chipsi, lakini mgeni hawezi kulishwa kwenye ganda. Anayachagua maganda hayo kwa mikono yake tangu asubuhi, ana hisa humo, na hajakubali. Bwana harusi mmoja alitaka sahani zetu, akampelekea Mama Honorata ombi, akarudi kuazima za udongo kama kila mtu. Fedha yako imetuletea mashine, Mgeni rasmi, lakini soko la sherehe liko ndani ya kichwa cha mama mmoja, na hatuna mashine ya huko. Mashine hii inaweza kubana sahani nyingi kuliko stendi inavyoweza kununua. Bila sherehe, itakuwa inazimwa mapema kila siku, na vijana tuliowaita nyumbani wataanza tena kutazama barabara.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba mfuko utusaidie kumalizia paa la banda la kukaushia kabla ya mvua. Mabati ya upande mmoja tunayo, ni yale yale tuliyotaka kugawana.

La pili ni dogo, na ndilo lililotuleta hapa.

Leo amepika Mama Honorata. Tulimwomba akupakulie kwa mkono wake kwenye sahani yetu. Akasema, "Nitampakulia. Mgeni anaweza kula kwa adabu tu, nimeshaona hilo. Ila mtu haombi kuongezwa kwenye chombo kilichomdhalilisha. Akiomba kuongezwa, na mimi nitaamini."

Basi, Mgeni rasmi, kuna kuku, kuna wali, kuna maharage yale yale ya Lukumburu. Sahani iko mbele yako, tumeichagua sote. Hatukuambii useme kitu ambacho hukisikii moyoni. Tunakuomba tu usishibe haraka.

Na pale pembeni ya jiko utaona beseni limefunikwa kitenge. Tunajua lina nini, na yeye anajua kwamba tunajua. Amelileta asubuhi kichwani, endapo ganda litakushinda. Ombi letu la mwisho ni kwamba jioni ya leo beseni hilo lirudi nyumbani kwake na kitenge chake, bila kufunuliwa.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, ausafishe mlima Lukumburu kabla hujafika, aibariki mikono ya waliopika na ya waliochagua maganda, akujalie afya, na leo hasa, akujalie njaa.

Ni sisi,
Wanahisa na wafanyakazi wa Ganda Jema,
Mshangano, Songea.