Kiraka cha Hariri

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa gereji ya malori, na kila mtu ana mahali pake pa kukaa. Chuma, fundi wa kuchomelea, alikuwa akikaa katikati. Tangu chembe ya moto imrukie sikio la kushoto ikatoboa ngoma, amehamia mwisho wa benchi, sote tuwe upande wa sikio zima. Leo hospitali imemwekea nafasi: abandikwe kiraka cha hariri, ngozi iote juu ya kiraka hicho mpaka tundu lizibe. Ila ajibu kabla ya saa sita. Simu kaishika mkononi, na wenzangu, Mungu awasamehe, wanamshauri.

Sindano, fundi cherehani: Hariri niulize mimi. Inateleza, na ukiizidishia pasi inajikunja. Wewe unashinda na moto, Chuma. Siku joto likipanda, sikio linajikunja kama kola.

Chuma: Daktari kasema ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ngozi ikishaota, hariri inayeyuka yenyewe taratibu.

Sindano: Inayeyuka? Basi umeazimwa! Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mimi: Tunaongelea sikio, bwana.

Wakili (mahakamani kaingia mara moja tu, shahidi wa kesi ya kuku): Tujenge hoja. Hariri inatoka kwa nani? Kiwavi. Kiwavi kazi yake nini? Kula. Sasa akiamka na njaa mle kichwani, atakula nini?

Muuza kahawa: Ubongo!

Wakili: Sijasema mimi, kasema shahidi. Akishiba anageuka nondo, anatafuta mlango. Sikio la kufa halisikii dawa, ndugu yangu. Wahenga walishaiona hiyo hariri.

Tukacheka. Chuma hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Nikakasirika.

Mimi: Mwacheni mwenzenu akatibiwe!

Sindano: Ya nini? Analo jingine. Mawili tulipewa ili moja liwe la akiba.

Wakili: Tena anasikia vizuri tu. Chuma, unatusikia?

Chuma: Nawasikia.

Wakili: Ushahidi umefungwa!

Chuma akainuka.

Chuma: Basi. Namwambia daktari nafasi ampe mwingine.

Akasogea barabarani huku akitafuta namba. Hapo hapo lori likatoka gereji kinyumenyume, kushoto kwake. Honi ikalia. Chuma aliisikia, ila kwa sikio la kulia tu, kana kwamba inatokea huko. Alishtuka, akatazama kulia, akaona ni barabara tupu, na kwa kulikwepa lori asiloliona akajitupa kushoto, kule kule lilikokuwa likitokea. Sindano aliruka, akamdaka mkanda wa ovaroli, wakaanguka wote wawili. Tairi likapita pale Chuma alipokuwa amesimama.

Dereva akashuka mbio. Hatukuwa tumewahi kumwona.

Dereva: Nimepiga honi. Kasikia, nimemwona kwenye kioo akishtuka. Sasa mbona kanifuata?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa akaanza kufuta birika ambalo lilikuwa safi. Mimi nilimwonea Chuma huruma, na nikatuonea aibu sote, mimi nikiwemo.

Chuma, bado kakaa chini vumbini, akaweka simu kwenye sikio zima.

Chuma: Daktari? Ni mimi wa sikio. Nakuja.

Sindano alikuwa bado hajauachia ule mkanda.

Sindano: Inuka twende. Mimi natembea kushoto.