Shangazi Aliyebeba Lawama Isiyo Yake

Wasikilizaji wapendwa, kama una mtu karibu nawe sasa hivi, mwite msikilize pamoja. Leo tunamkumbuka mshonaji mmoja ambaye vijana wa mtaani kwake walimwita Shangazi. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka arobaini na tisa. Moyo ulisimama akiwa mezani, anakata sare za shule.

Shangazi hakuzaa. Ninalisema mapema kwa sababu watu walimtaja kwa hilo kwanza. Aliolewa na fundi umeme, wakaishi miaka ishirini na miwili bila mtoto. Miaka ishirini na miwili. Mama mkwe akija kuwatembelea, ataulizia cherehani, ataulizia paka, kisha atakazia macho tumbo la mkwewe.

Mwaka wa saba wa ndoa walikwenda hospitali, wakapima uzazi wote wawili. Tatizo likaonekana ni la mume. Fundi umeme anasema walirudi kwa miguu. Walipofika mlangoni, mkewe akamshika mkono.

"Hili ni letu wawili. Mama yako mwache aniseme mimi. Nimeshazoea."

Naye akakubali. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasikilizaji, na kata hii ilinyamaza miaka kumi na mitano.

Mwaka huohuo walianza kuwafungulia vijana nyumba yao kila Jumamosi. Viti vilitolewa barazani, sebule ikawa darasa. Mume alifundisha nyaya upande huu, mke akafundisha kushona upande ule. Wavulana waliogoma aliwauliza, suruali ikipasuka nyuma mbele ya wakwe, mtamwita nani? Walishona. Na katika kushona huko alijua nani kafukuzwa kwao, nani kaacha shule, nani anajifungia chooni kulia.

Mmoja wao, leo mama wa mtoto wa miaka sita, alifika pale ana miaka kumi na sita na mimba. Siku moja alimwambia Shangazi amchukue mtoto akizaliwa, awe wake kabisa. Shangazi aliacha kukanyaga cherehani.

"Usinipe, mwanangu, mtu utakayekuja kumlilia," akasema. "Njoo tupime kitambaa cha nguo zake."

"Alijifuta macho kwa kipande cha bitana," binti huyo anatuambia. "Sikujua nimempa mtihani gani."

Shangazi alizikwa Alhamisi. Pale makaburini mama mkwe alilia kwamba maskini, ameondoka bila kuacha hata mmoja. Mwanawe akasimama mbele ya watu wote.

"Mama, asiyezaa ni mimi. Tangu mwanzo. Mwenzangu alinisitiri."

Kesho yake ndipo mama alipouliza, mara moja tu: "Kwa nini hukuniambia akiwa hai, nikamwomba radhi?" Fundi umeme mwenyewe ndiye aliyetuomba tuyaseme haya hewani.

Kwake, kwa mama yake, na kwa vijana wote wa Jumamosi, tunawapa pole kutoka moyoni. Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu anabeba lawama yako na bado anapumua, nenda ukamsafishe leo. Fundi umeme alikuwa na miaka kumi na mitano ya kusema ukweli. Akachelewa siku mbili.